Buibui wa Bwawani na Soksi za Wal

Mtaani kwetu Kotara, hapa Newcastle ya Australia, kila mtu anajua kwamba Wal Hargrave hukusanya soksi za wanawake.

Usifikirie vibaya. Wal ni mzee mjane mwenye bustani. Anataka zile soksi ndefu za nailoni zinazopanda hadi kiunoni, na zikiwa zimechanika ndiyo anafurahi zaidi. Anazikata vipande virefu, kisha anafungia nyanya zake kwenye miti aliyoichomeka ardhini. Anasema kamba inakata shina, lakini nailoni inavutika, nyanya inapumua.

"Noreen!" huita juu ya ua. "Huna soksi za kutupa?"

"Wal, watu watasema nini?"

"Watasema nyanya zangu ni nzuri."

Noreen Pascoe humpa. Sote tunampa. Mwenye maneno ni Col, mume wa Noreen. Col anaendesha treni ya makaa ya mawe kwenda bandarini, na siku zake za mapumziko kazi yake ni kumtania Wal.

"Mzee Wal, leo umevaa za rangi gani?"

Utani huo huo kila wiki. Na kila wiki Col ndiye wa kwanza kucheka.

Mwezi wa tatu mwaka mmoja mvua ilinyesha wiki nzima. Maji yalishuka kutoka msituni nyuma ya nyumba, yakaingia mabandani, yakajaza bwawa la kuogelea la Col mpaka likamwagika. Mvua za namna hiyo zikija mwisho wa kiangazi, sisi huku tunajua nani atatoka.

Tunamwita Jitu. Ni buibui mweusi anayeng'aa kama kiatu kilichopigwa rangi. Anachimba shimo, na mlangoni anafuma utando ulio kama faneli ya kumiminia mafuta. Wa Newcastle ni wakubwa kuliko wa Sydney, na watu wengine hujivunia jambo hilo, sijui kwa nini. Jike hukaa nyumbani kwake shimoni. Dume ndiye mzururaji. Mvua ikilowesha ardhi, anatoka kutafuta mchumba. Anapita popote: bafuni, kwenye buti, chini ya nguo zilizoachwa sakafuni. Na sumu ya dume ndiyo kali zaidi.

Noreen alimwona mmoja chumba cha kufulia siku ya Jumatano. Alipiga kelele, yule buibui akajiingiza chini ya mashine, na hakuonekana tena. Tangu hapo Noreen hakukaa kitini akatulia. Alikung'uta taulo. Alikung'uta viatu. Aliinua mito ya kochi, akaishusha, akaiinua tena.

"Mama, umeshaangalia hapo," binti yake Tamsin alimwambia.

"Nimeangalia wakati ule. Sasa ni wakati mwingine."

Jumapili jua likatoka. Col akasema tumekaa ndani vya kutosha, njooni tuchome soseji. Basi tukaja. Nyumba ya akina Pascoe ikijaa watu huwa ni raha tupu. Mimi nilileta bakuli langu kubwa la kioo lenye saladi ya makaroni. Wal alileta nyanya. Dulcie Trembath wa nyumba ya pili alileta keki ya ndizi. Dulcie ni mama mrefu mwenye sauti ya filimbi. Anafundisha huduma ya kwanza kwenye chama cha waokoaji wa ufukweni, na amezoea kuwaamuru watu watoke baharini, nao wanatoka.

Vitunguu vilikuwa vinalia kwenye bati la moto. Tamsin na rafiki zake walitaka kuogelea.

"Hakuna kuingia majini mpaka baba yenu aangalie," Noreen alisema. Alikuwa amesimama, sahani mkononi, macho chini. Kila jani lililotikisika alilitazama.

"Mke wangu, kaa," Col alisema. "Unanichosha kwa kukutazama tu."

"Angalia bwawa, Col."

Pembeni mwa bwawa kuna kikapu cha plastiki kinachonasa majani. Col alifungua kifuniko, akachungulia, akapiga mluzi.

"Njooni muone! Jitu lenyewe!"

Tulikwenda, tusiende tuna nini? Ndani ya kikapu, katikati ya majani mabovu, alikuwepo buibui mkubwa. Miguu ameikunja. Alikuwa amelala chini kabisa ya maji, hatikisiki.

"Amekunywa maji mpaka basi," Col alisema. "Marehemu."

Alimwopoa kwa koleo la soseji, akamweka juu ya kifuniko cha boksi la vinywaji. Kifuniko kilikuwa juani. Akakisogeza taratibu mpaka karibu na kiti cha Wal.

"Wal, mchumba wako huyo. Ana miguu minane, hebu piga hesabu ya soksi."

Tulicheka. Na mimi nilicheka, sikatai. Wal alisogeza kiti chake nyuma.

"Mtoe hapo, Col," Noreen alisema.

"Amekufa."

"Mtoe tu."

"Noreen, maiti inakutisha?"

"Col!" Dulcie aliita kutoka jikoni, maana alikuwa anakata keki. "Nini hicho mnachochezea?"

"Hakuna kitu! Maiti!"

Tukala. Mazungumzo yakahamia kwa yule mwanamke wa nyumba ya kona na gari jipya lililolala mlangoni kwake, na kwa muda tukamsahau buibui. Noreen peke yake hakusahau. Alikula amesimama. Mwishoni akasema, "Col, kama humtoi wewe, namtoa mimi."

Col akaguna, akafuta mikono kwenye suruali, akaenda. Hakuchukua koleo. Alimshika yule buibui kwa vidole viwili kama mtu anayeokota zabibu.

Tulisikia tusi moja kubwa.

Kisha tukamwona anarusha mkono juu na chini, na kitu cheusi kimening'inia kidoleni. Hakikutoka. Alikipiga kwenye mguu wa meza, ndipo kikaanguka majanini. Na pale majanini kikasimama. Kiliinua miguu ya mbele, kikaonyesha meno, hakikukimbia.

Sijui akili niliitoa wapi. Nilimwaga makaroni yangu yote chini, nikalifunika bakuli juu ya yule buibui. Alijaribu kupanda kioo akateleza. Akajaribu tena akateleza.

"Amekuuma?" Noreen aliuliza. Uso ulikuwa mweupe.

"Kidogo." Col alikuwa amejishika kidole. Palikuwa na matundu mawili na tone la damu. "Barafu. Nipe barafu na panadoli. Msiharibu chakula, endeleeni."

Noreen alikuwa tayari, mikono yote miwili imejaa barafu. Hivyo ndivyo tunavyofanya mtaani kwetu. Nani hajaumwa na mgongo mwekundu, yule buibui mdogo wa mabandani? Unaweka barafu, unameza panadoli, unalalamika siku nzima. Tumelelewa hivyo. Ukimwuliza mtoto yeyote wa hapa dawa ya buibui ni nini, atakwambia barafu.

"Tupa hiyo barafu!"

Dulcie alikuwa mlangoni, kisu cha keki bado mkononi.

"Barafu ni ya mgongo mwekundu. Huyu si mgongo mwekundu. Col, lala chini."

"Nitakaa kitini."

"Nimesema lala."

"Dulcie, hospitali iko hapo tu. Nitaendesha mwenyewe, mbona..."

"Ukitembea mpaka kwenye gari, unaipeleka sumu moyoni kwa miguu yako. Lala hapo hapo ulipo!"

Col akalala majanini. Jambo lililonitisha ni kwamba hakutania tena.

"Tamsin, piga sifuri tatu, uite ambulensi. Sema buibui mkubwa mweusi, ameuma mkononi, mtu mzima. Taja nyumba na mtaa. Usikate simu mpaka wakuambie. Noreen, bandeji yenu ya kuvutika iko wapi?"

Noreen alikimbilia ndani. Tulisikia makabati yanafunguliwa na kufungwa. Akarudi na sanduku la huduma ya kwanza, akalimimina lote mezani. Plasta. Mkasi. Dawa ya kuungua. Bandeji hamna.

"Ilikuwepo! Nilinunua mwenyewe!"

Tamsin alikuwa na simu sikioni. Macho yake yakajaa machozi. "Mama, nilifungia kifundo cha mguu kwenye mechi ya netiboli. Iko kwenye begi la Kirra wa timu yetu."

"Kirra yuko wapi?"

"Amekwenda kwa bibi yake."

Mimi nyumbani kwangu sikuwa nayo. Nilijua hilo bila kwenda kuangalia. Dulcie ya kwake ilikuwa kwenye gari, na gari mwanawe alikuwa amelichukua. Alitazama huku na huku, akafunga macho, akayafungua.

"Wal!" alisema. "Soksi zako!"

Wal alielewa kabla yetu sote. Mzee yule hakupita getini. Aliruka ua, kwa magoti yale yale ambayo kila siku anatueleza yanavyouma. Tulisikia miti inang'olewa. Akarudi anakokota mzigo wa soksi za kahawia, nyeusi, za rangi ya ngozi, nyingine bado zimefungwa kwenye miti, nyingine na nyanya mbichi zinaning'inia.

"Chagua," alisema, anahema.

Dulcie alipiga magoti. Kwanza alimvua Col pete na saa. "Mkono ukivimba, hivi vitakata," alisema. Akachukua soksi moja, akaizungusha kwa nguvu juu ya pale palipoumwa. Kisha akachukua nyingine, akaanzia kwenye vidole, akapanda. Kiganja, kifundo, mkono wa chini, kiwiko, mkono wa juu, mpaka kwapani. Soksi ikiisha anaunga nyingine. Ncha za vidole aliziacha wazi ili aone rangi yake.

"Usioshe, Noreen, weka maji chini. Usikate, usinyonye. Wala usifunge kamba moja ya kukaza hapa juu, utauua mkono. Tunabana mkono mzima, sawasawa, kama unavyofunga kifundo kilichoteguka lakini kwa nguvu zaidi. Kidole changu kisipite kirahisi chini ya soksi."

"Kwa nini?" aliuliza Noreen. Alikuwa anazunguka, anainuka, anainama, hajui aweke wapi mikono.

"Sumu hii inapita kwenye vijibomba vyembamba chini ya ngozi. Inasukumwa na misuli. Misuli ikifanya kazi, sumu inasafiri. Tukibana na yeye akitulia, inakwama hapa hapa mkononi kusubiri dawa. Wal, nipe mti."

Wal alimpa mti wa nyanya. Dulcie aliulaza kando ya mkono kama banzi, akaufunga na soksi nyingine, mkono ukawa hauwezi kukunjwa.

"Midomo inawasha," Col alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. Jasho lilimtoka usoni kama mtu aliyetoka kuoga. Mate yalianza kumjaa kinywani, na ngozi ya shingo ikamsisimka. "Dulcie, ulimi unacheza wenyewe."

"Najua. Wal, mgeuze kichwa pembeni kidogo, mate yatoke. Noreen, njoo hapa."

"Niite jirani mwingine? Nikasimame barabarani? Nikalete blanketi?"

"Noreen. Kaa."

Noreen akakaa majanini.

"Shika mkono wake hivi, mikono yako miwili. Kazi yako ni kutotikisika. Ukitikisika wewe, anatikisika yeye. Unaweza?"

Noreen alisogea. Alishika. Mwanamke ambaye tangu Jumatano hakuweza kumaliza kikombe cha chai amekaa, aliketi pale kama jiwe. Nzi alimtua usoni, hakumfukuza. Vitunguu viliungua, hakuna aliyevitoa. Mimi ndiye niliyekuwa nikitembea kutoka bwawani hadi getini na kurudi, nikisikiliza king'ora.

"Noreen," Col alisema.

"Usiongee."

"Uliniambia nimtoe."

"Nyamaza, mume wangu. Pumua tu."

Machozi yalimtoka Col. Dulcie alisema ni sumu inayotoa machozi. Labda.

King'ora kilisikika upande wa barabara kuu. Tamsin alikimbia kuwaelekeza. Wahudumu wawili waliingia na machela, wakasimama kidogo. Mbele yao alilala mwanamume mkubwa, mkono mzima umevaa soksi za akina mama za rangi tatu, na kwenye kiwiko imening'inia nyanya ya kijani ambayo hakuna aliyepata muda wa kuitoa.

"Nani amefunga hivi?" aliuliza mmoja.

"Mimi," Dulcie alisema.

Mhudumu alipima kwa kidole chini ya soksi. Akatikisa kichwa kukubali. "Tunamchukua hivi hivi. Hazifunguliwi mpaka afike kwenye dawa."

Ile nyanya aliikata, akampa Wal.

Hospitali walimchoma Col dawa inayozuia sumu, kisha wakamwongeza nyingine. Noreen alituambia baadaye kwamba ulimi ulitulia, jasho likakauka, na jambo la kwanza aliloomba Col ni soseji. Hapo akajua mumewe amerudi. Daktari alimwambia Noreen: angetembea, angeendesha gari, angekaa na barafu akisubiri nafuu, mambo yangekuwa mengine. Hakumwambia mambo gani. Hakukuwa na haja.

Col akiwa bado amelazwa, Noreen alituita wote kwake. Kila mtu aje na bandeji, alisema, asiye nayo akanunue kwanza. Nyumba ilijaa mpaka wengine walikaa ngazini. Dulcie alitugawa wawili wawili, mmoja anafunga, mwingine analala.

"Legevu," alikuwa akipita akisema. "Legevu. Huyu wako ameshakufa. Anza upya."

"Lakini Dulcie," niliuliza, "yule buibui alikuwa amezama. Tulimwona."

"Hakuzama. Anashika vipovu vya hewa kwenye manyoya yake. Anaweza kukaa chini ya maji saa nyingi sana, hata siku nzima. Anaonekana amekufa. Mtoe, mwanike juani, anazinduka kwa hasira. Ukimkuta bwawani, mhesabu ni mzima. Usimguse kwa mkono, hata umwone amekunja miguu."

"Na mgongo mwekundu?" aliuliza Wal. "Tumfunge hivi hivi?"

"Hapana. Huyo sumu yake inakwenda polepole, na ukibana maumivu yanazidi. Huyo barafu inamtosha, na hospitali kama maumivu yanakua. Lakini buibui mweusi mkubwa huku kwetu, usikae kubishana ni yupi. Lala, piga simu, funga, tulia."

"Na wangu?" nilisema. Maana yule buibui alikuwa bado kwangu. Siku ile ile Dulcie alikuwa amepitisha karatasi ngumu chini ya bakuli langu, kisha akamsukuma kwa rula ndefu ndani ya chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Kifuniko tulikitoboa matundu madogo ya hewa, ndani tukaweka udongo wenye unyevu.

"Wako ana kazi," Dulcie alisema. "Kuna mahali wanapokelewa. Wanakamuliwa sumu, na kutokana na sumu hiyo inapatikana ile dawa aliyochomwa Col. Asipopelekwa hai, dawa inatoka wapi? Ila mtoto asijaribu, na mtu mzima asiye na uhakika awaite wanaojua."

Tulimpeleka Jitu mimi na Noreen, chupa imefungwa vizuri ndani ya ndoo. Noreen alimtazama njia nzima.

"Sasa namwona yuko wapi," alisema. "Asiyeonekana ndiye aliyekuwa ananitesa."

Siku hizi kwa akina Pascoe bandeji mbili zinaning'inia kwenye msumari kando ya mlango wa nyuma. Juu yake Tamsin ameandika kwa kalamu nene: SI YA NETIBOLI. Buti zinalala ndani, zimegeuzwa chini juu. Nguo haziachwi sakafuni. Kikapu cha bwawa kinasafishwa kwa koleo refu na glavu nene, na kila asubuhi kabla watoto hawajaingia majini mtu mzima anatazama. Noreen bado anakung'uta taulo. Lakini anakung'uta mara moja, kisha anakaa anywe chai yake.

Siku Col aliporudi, tulikuwa tumejaa uani tukimsubiri. Alishuka kwenye gari polepole. Upande wa pili wa ua bustani ya Wal ilikuwa inatia huruma. Nyanya zote zilikuwa zimelala chini, miti imeng'olewa, mashina yamevunjika. Wal alikuwa anajaribu kuinua chache zilizobaki.

Col hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye ua. Aliinama, akakunja suruali. Miguuni alikuwa amevaa soksi ndefu nyeupe za kubana, zile wanazowavalisha wagonjwa wanaolala sana. Zilimfika gotini.

Wal alizitazama. Akamtazama usoni.

"Mzee Col," alisema taratibu, "leo umevaa za rangi gani?"

Ua mzima uliangua kicheko. Col alicheka mwisho, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Kisha akaketi majanini, akazivua moja baada ya nyingine, akamrushia Wal juu ya ua.

"Zinavutika vizuri," alisema. "Sogea, nishikie mti, tufunge hizo nyanya."